Anayegawa soda akusanye na chupa

Kwako Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA)

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Morogoro mjini kuhusu barabara ya Iringa, hasa zile kilomita 50 hivi zinazokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Mwezi uliopita nilipanda basi kituoni Msamvu. Kabla hatujafika Doma, mhudumu alikuwa ameshagawa soda na biskuti kwa ukarimu. Mahali pa kuweka takataka hapakuwapo. Tulipoingia hifadhini madirisha yakafunguliwa: chupa, maganda ya ndizi, mifupa ya kuku. Nyani walikuwa wamekaa pembeni wakitusubiri. Jike mmoja, mtoto mgongoni, akakimbilia ganda lililoangukia katikati ya lami. Lori la mafuta likapiga honi ndefu, akaponea chupuchupu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekikamata kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nyani yule hana kosa. Ni sisi tuliomfundisha kwamba chakula hutoka dirishani, na siku atakapokanyagwa tutasema wanyama wa Mikumi hawaogopi magari.

Hatujatoka hifadhini, dereva akasimamisha gari tuchimbe dawa. Wanaume wakaenda nyuma ya basi, wanawake vichakani, kwenye nyasi ambamo simba na nyati hupita. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu alishindwa kwenda mbali. Mabinti wawili wasiomjua wakamzungushia khanga, wakageuza nyuso zao pembeni hadi alipomaliza. Walimsitiri vizuri, Mungu awabariki. Lakini bibi yule alilipa nauli kamili, na vyoo vipo Msamvu alikopandia na vipo Mikumi mjini tulikokuwa tunaelekea. Tulipoondoka, karatasi zilibaki zimenasa kwenye miiba.

Sikutupii lawama peke yako. Sisi wa Morogoro tuna yetu. Vijana wetu hupanda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, kulala kwenye mahema, na asubuhi huacha majivu yenye makaa hai na chupa kandokando ya kijito. Wanapita mashambani kwa Waluguru bila hata hodi. Maji ya Uluguru ndiyo yanayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Nimewaambia hayo ana kwa ana na nitaendelea kuwaambia. Ila kijana aliyekulia kwenye basi linalotupa dirishani, nitamshikaje aache kutupa mlimani?

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Wengi tulidhani haiwezekani. Leo tunakwenda sokoni na vikapu vyetu. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa abiria wa Tanzania hafundishiki. Leseni za mabasi unatoa wewe. Weka sharti kwamba kila basi liwe na chombo cha taka, na vituo vya choo viandikwe kwenye ratiba ili dereva asichague kichaka. Kabla ya lango la hifadhi, mhudumu asimame atangaze: hapa hatutupi kitu, hatulishi mnyama.

Na kama hayo yote yatachukua muda, anza na moja lisilohitaji hata shilingi ya bajeti: mhudumu aliyepita na kreti kugawa soda, apite nayo tena kukusanya chupa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Morogoro