Ving'ora vya Tahadhari Upareni Vifungwe kwa Hadhari

Mwezi wa Novemba 2009, baada ya mvua za vuli kumwagika juu ya milima ya Upare ya Kusini pasipo kukatika, ardhi iliporomoka usiku katika kijiji cha Goha, huko Mamba Miamba wilayani Same, ikazifukia nyumba pamoja na waliolala ndani yake, na watu zaidi ya 20 wakafariki dunia. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, na idadi ya waliokufa ikapita 80. Nayataja maafa haya mawili kwa pamoja kwa sababu yote mawili yatufunza kuwa mlima uliokwisha kulowa hauwapi watu wasaa wa kushauriana: dakika zinazopatikana ni chache, na huwafaa wale tu walioamshwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutimiza wajibu wake. Hutoa angalizo, hutoa tahadhari, na hali ikizidi hutoa tahadhari kubwa, na habari hizo husomwa redioni na kupitishwa katika simu. Walakini taarifa ya namna hiyo huutaja mkoa, aghalabu mikoa kadhaa kwa mpigo, wala haiwezi kumwambia mama aliyelala kando ya korongo fulani la Vuje kwamba kilima kilicho nyuma ya jiko lake kimekwisha kupasuka. Simu nazo usiku huzimwa, au chaji imekwisha, au mtandao haufiki katika mikunjo ya milima. Na umeme wa TANESCO hukatika katika dhoruba ile ile iletayo maporomoko, maana mti mmoja ukiangukia waya yatosha. Kwa hiyo chombo kilichobaki, na ambacho nakitetea kwa dhati, ni king'ora cha nje chenye betri zake chenyewe, zinazojazwa na jua mchana, kikae tayari usiku wa dhoruba bila ya kutegemea waya utokao mbali.

Asiyeijua nchi hii yampasa afahamu jinsi ilivyo, kwa kuwa ndiyo inayoamua kila kitu katika shauri hili. Pepo zitokazo bahari ya Hindi huigonga milima upande wa mashariki na kuacha mvua zake huko, ambako watu hulima tangawizi, migomba na mahindi katika miteremko mikali. Na maji ya huko hushuka kwenye tambarare za Maore na Ndungu, penye mashamba ya mpunga. Mji wa Same wenyewe uko upande wa pili, katika kivuli cha mvua, mahali pa miiba na vumbi, hata huwezekana ofisa aliyeketi bomani akaliona anga jeupe ilhali Mamba makorongo yamekwisha kufurika. Amri ya kukiliza king'ora, basi, haiwezi kungojewa kutoka bomani, na hilo nitalirudia.

Kukinunua king'ora ni jambo sahali. Mfadhili akipatikana, au fungu likitengwa, chombo huja katika sanduku, hupigwa picha, na hotuba husomwa. Jambo gumu ni kukifunga, na hofu yangu ni kwamba kazi hiyo itaachiwa yeyote mwenye ngazi na bisibisi, kwa siku moja, kabla ya mgeni rasmi kuwasili. King'ora kilichofungwa ovyo chaweza kumuua aliyekifunga. Na kisipomuua, kitanyamaza usiku ule mmoja kiliowekewa, huku watu wakilala usingizi mzito kwa kuwa waliambiwa kinawalinda. Mji usio na king'ora walau hujua kwamba haunacho.

Tuanze na mahali pa kusimamisha nguzo. Sauti hupungua upesi kuliko watu wanavyodhani. King'ora chenye nguvu ya desibeli 120 kwa umbali wa mita 30, katika nchi yenye miti na nyumba, hupoteza takriban desibeli 10 kila umbali unapozidishwa mara mbili, hata kufikia karibu kilometa moja zimebaki desibeli 70 tu, na mvua ipigayo mabati yaweza kuimeza sauti hiyo mara moja. Isitoshe, sauti haipindi mgongo wa mlima kwa wepesi. Kijiji kilicho upande wa pili wa tuta hakitasikia kitu. Hivyo ving'ora vitatu vya wastani juu ya matuta vyafaa kuliko king'ora kimoja kikubwa mbele ya ofisi ya kata. Nguzo isisimamishwe katika njia ya maporomoko yenyewe, chini ya ufa au kando ya korongo, kwani itachukuliwa ya kwanza. Na isikaribie nyaya za umeme kwa umbali ulio chini ya mara moja na nusu ya urefu wake, ili ikianguka isizifikie. Nguzo ya mita 12 huzikwa kina cha mita 1.8 hivi, nayo itiwe zege. Ikiwa ni ya mti, iwe mti uliotiwa dawa, maana mchwa wa Upareni hawana huruma.

Kisha betri, ambazo ndizo moyo wa chombo na ndizo zenye hatari iliyofichika. Ving'ora vingi vya namna hii hutumia betri nne za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, yaani volti 48, na mafundi wengi hudharau volti hizo kwa kuwa hazimrushi mtu kama umeme wa nyumbani wa volti 230. Hiyo ni ghururi. Betri ya risasi na asidi, spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, hutoa mkondo wa maelfu ya ampea kwa nukta moja. Spana huyeyuka, na pete kidoleni huwa nyekundu kabla mkono haujaondolewa. Fundi avue pete na saa, azungushie tepu mipini ya spana zake, avae miwani na glavu, aunge waya wa hasi mwisho anapofunga na autoe kwanza anapofungua, na fyuzi iwekwe jirani kabisa na kichwa cha chanya. Betri iungwe kwenye kidhibiti chaji kwanza, ndipo paneli ya sola ifuate, nayo paneli ifunikwe kwa kitambaa kizito wakati wa kazi, kwani jua halina swichi. Karibu na fundi pawe na ndoo ya maji safi: asidi ikimrukia machoni, ayaoshe pale pale kwa robo saa nzima, kabla ya safari yoyote ya zahanati.

Betri inapojazwa huweza kutoa hewa ya hidrojeni, nayo ikifikia sehemu nne katika mia ya hewa iliyomo sandukuni, cheche moja yatosha kulipasua sanduku. Kwa hiyo sanduku liwe na matundu juu na chini yenye wavu wa kuzuia wadudu, wala asiwepo mtu avutaye sigara pale linapofunguliwa. Sanduku hilo hilo likae kivulini, kwa sababu joto likizidi kwa nyuzi 10 umri wa betri hupungua kwa nusu, na katika tambarare za chini jambo hili si dogo: betri ambayo ingeishi miaka minne itakufa baada ya miwili, na hakuna atakayejua mpaka siku ya kuhitajiwa. Lifungwe kwa kufuli madhubuti pia, maana betri huibwa. Na zikichakaa zirejeshwe kwa wanaozinunua kwa ajili ya kuyeyushwa kiwandani, zisivunjwe kijijini wala kutupwa katika mfereji, kwa kuwa risasi ikiingia katika maji ya kunywa hudhuru akili za watoto.

Juu ya nguzo pana hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni radi. Mlingoti wa chuma juu ya tuta huialika, kwa hiyo shaba ishushwe kutoka kileleni mpaka ardhini kwa njia iliyonyoka, ifungwe kwenye fito za kutosha zilizopigwa chini, na penye mwamba au udongo mkavu fito ziongezwe. Wala asipande mtu wakati ngurumo inasikika, hata kama ni mbali. Ya pili ni sauti yenyewe. Aliye nguzoni king'ora kikilia pembeni mwa kichwa chake huenda asisikie tena maisha yake yote, na kwa mshtuko aweza kuachia mikono. Kaida iwe moja, isiyovunjwa kwa ajili ya mgeni yeyote: kabla mtu hajapanda, fyuzi ya kulizia hung'olewa, sanduku hufungwa, na ufunguo hukaa mfukoni mwa yule anayepanda, si wa aliye chini. Apande akiwa na mkanda wa usalama, na chini pawe na mwenziwe. Mtu asiende peke yake, hata kwa kazi ya kutoa kiota cha nyigu.

Haya yote yakitimia, bado king'ora ni mlio tu, mpaka watu waafikiane maana yake. Mnamo Agosti 8, 2023, moto uliuteketeza mji wa Lahaina, kisiwani Maui nchini Marekani, na watu wapatao mia moja wakafa, ilhali kisiwa kilikuwa na ving'ora vya nje vilivyo vizima; havikulizwa, na mkuu wa shughuli za dharura wa huko alieleza kwamba wakazi walizoea kuvijua kuwa ni vya tsunami, wangekimbilia mlimani, na mlimani ndiko ulikokuwa moto. Funzo hili latuhusu sisi. Mpare aliyeamshwa usiku atakimbilia wapi? Akishuka korongoni atakutana na tope. Yampasa akimbie kwa ubavu, aelekee kwenye tuta lililo imara, na tuta hilo liwe limekwisha kuchaguliwa na kutembelewa mchana, wazee na watoto wakiwemo, na njia yake ifyekwe.

Kwa sababu hiyo hiyo napinga wazo ambalo bila shaka litaletwa na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, la kutumia king'ora hicho hicho kufukuzia ndovu waingiapo mashambani. Dhiki ya wakulima hao ni ya kweli, nao wastahili msaada. Lakini mlio mmoja ukipewa maana mbili, mtu atalala kitandani akibahatisha kama ni ndovu au mlima. Na king'ora kiliacho mara tatu kwa juma hakimwamshi mtu katika juma la nne. Mbiu ya mgambo, wahenga walisema, ikilia kuna jambo. Ndovu wapigiwe madebe na mabati, king'ora kiachiwe mlima.

Ama kuhusu nani akilize, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imekwisha kuweka kamati za maafa hata katika ngazi ya kijiji. Kamati hiyo ipewe kipimamvua, ipewe kiwango cha mvua ambacho kikifikiwa king'ora hulizwa, na ipewe mamlaka ya kukiliza pasipo kumpigia simu mtu yeyote. Mwenyekiti wa kitongoji aliyeona ufa mpya shambani saa nane za usiku asitakiwe kuomba ruhusa Same. Akikosea, watu watakuwa wamelowa bure kwa usiku mmoja, na asilaumiwe. Akisita, kosa lake halitarekebishika.

Wapo watakaosema kwamba wanakijiji hawataweza kukitunza chombo cha namna hii. Siafiki. Wapare wamezitunza ndiva zao, yaani mabwawa ya maji ya kumwagilia, kwa vizazi vingi kabla halmashauri haijazaliwa, wakigawana maji kwa zamu, wakizizibua, wakimtoza faini anayevunja zamu. Na kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wamechimba mifereji, wamejenga madarasa na kupasua barabara katika miamba. Watu wenye desturi hiyo hawashindwi kufuta vumbi juu ya paneli, kukata matawi yanayoitia kivuli, na kukijaribu king'ora siku moja ya kila mwezi kwa saa iliyotangazwa. Kinachowashinda ni fedha ya betri mpya, kwa kuwa betri hazidumu zaidi ya miaka mitatu hadi mitano, na mfadhili aliyeleta za kwanza mara nyingi huwa amekwisha kwenda zake.

Vuli huanza Oktoba. Naliomba Baraza la Madiwani la Wilaya ya Same litenge katika bajeti ijayo fedha za ving'ora vya kwanza huko Mamba, pamoja na ujira wa fundi umeme mwenye leseni na vifaa vyake vya kujikinga; na fedha za betri za pili ziandikwe katika ukurasa huo huo.