LANGO MOJA, NYUMBA NYINGI

Kambi kubwa huweza kuwa na lango moja tu barabarani, hali ndani yake mna kota, shule, zahanati na duka. Barua ifikapo langoni, mlinzi huitazama anwani na kuielekeza panapohusika. Seva ya tovuti nayo hufanya kazi kwa mtindo huo. Jina moja la tovuti laweza kubeba programu kadhaa zisizojuana: maombi yaanzayo na /shule hupelekwa kwa programu ya shule, yale ya /zahanati kwa programu ya zahanati. Neno hilo la mwanzo huitwa kiambishi cha njia.

Taabu huanzia pale langoni. Seva za mbele, kama vile Apache na nginx, zaweza kuagizwa zikikate kiambishi kabla ya kuikabidhi programu ombi. Programu ya shule huletewa /matokeo badala ya /shule/matokeo. Nayo, ikijiona ndiyo mwenye kambi yote, hutoa kiungo cha /matokeo/2. Mzazi akibonyezapo hurudi langoni bila neno la shule. Mlinzi hajui pa kumpeleka, na mzazi huambulia ilani ya 404, yaani ukurasa haukuonekana. Picha nazo hazitokei, na fomu iliyojazwa kwa jasho hupotelea njiani. Fundi aweza kumaliza siku nzima akiikagua programu ambayo, ikiendeshwa peke yake, haina kosa lolote.

Dawa yake ni ya zamani. Utaratibu wa CGI, ulioelezwa katika waraka wa RFC 3875 wa mwaka 2004, hutenganisha mambo mawili: SCRIPT_NAME, mahali programu ilipopachikwa, na PATH_INFO, njia iliyosalia. Utaratibu wa WSGI wa lugha ya Python ulirithi majina hayo hayo. Programu yenye adabu hukitanguliza kiambishi ilichopewa katika kila kiungo, wala haikikariri ndani ya kurasa zake. Siku ikihamishiwa /elimu, kurasa hazibadilishwi.

Lakini kiambishi si ukuta. Kwa kivinjari, /shule na /zahanati ni nyumba moja, na waraka wa RFC 6265 wa mwaka 2011 waonya kwamba njia ya kuki isitegemewe kuwa kinga. Mwovu akipenyeza msimbo wake katika kurasa za shule, aweza kusoma habari za mgonjwa aliyejisajili zahanati kwa kivinjari hicho hicho. Daftari za wagonjwa, basi, zastahili jina la tovuti la peke yake.