Miguu Haizai

Apite mwanamke mwenye magongo na tumbo la miezi saba, hapa Simbo au penginepo mkoani Kigoma, hakosi kusikia: "Masikini, nani kamfanyia hivi?" Msemaji anadhani ana huruma. Nyuma ya maneno yake kuna imani kwamba mwenye ulemavu wa viungo hawezi kubeba mimba salama, na akibeba, lazima apasuliwe. Si kweli, tena inaweza kuua.

Mji wa mimba hubana wenyewe, hata kwa aliyepooza kuanzia kiunoni, na wapo waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hatari zipo, na zinajulikana. Mgongo uliopinda, au polio ya utotoni, huweza kuipinda nyonga ikabana njia ya mtoto. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi uchungu ukianza. Na kama jeraha liko juu kifuani au shingoni, presha inaweza kupanda ghafla. Maambukizi ya mkojo nayo humwandama. Haya yanahitaji kliniki ya mapema na mkunga anayepima. Magongo peke yake hayatoshi kumpeleka mtu kwenye kisu.

Lakini aliyesimangwa huificha mimba. Hufika usiku juu ya bodaboda, uchungu umekolea, na mambo yakiharibika walewale husema: si tulisema?

Na akiwahi? Kitanda cha kupimia kimepita kimo cha kiuno chake. Mmoja anamshika kwapa, mwingine miguu, anapandishwa kama gunia la dagaa, wala hakuna aliyemuuliza nyumbani hupandaje kitandani. Mwezi unaofuata harudi, nami simlaumu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake 2010. Haki ya kuzaa na kulea imo mkatabani. Kilichobaki ni vifaa na utaratibu, na Kigoma imekwisha onyesha kuwa utaratibu hubadilika: kati ya 2016 na 2018 mradi wa shirika la Thamini Uhai ulijaribu katika vituo vya mkoa huu kumruhusu mjamzito aingie leba na mtu anayemchagua mwenyewe. Kwa mwenye ulemavu huyo ndiye ajuaye kumnyanyua bila kumuumiza. Asiachwe mlangoni. Na halmashauri inapoagiza vitanda vya leba, iagize vinavyoshuka.