Si Ujinga wa Ndege

Liko neno lisemwalo na wengi, ya kwamba ndege wa visiwa vya mbali ni wajinga, na afaye kwa ujinga wake hana wa kumlilia. Neno hilo nalipinga.

Tazameni kisiwa cha Gough, katika bahari ya Atlantiki ya kusini, milki ya Waingereza. Huko ndiko hutaga karibu albatrosi wote wa jamii ya Tristan, ndege ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika kadiri ya mita 3. Hutaga yai moja tu, na akiisha kulea hatagi tena mwaka ufuatao. Kinda hukaa kiotani peke yake majira yote ya baridi, na wazazi wako baharini wakimtafutia chakula. Usiku huja panya, wale wadogo wa nyumbani tuwajuao, wakamtafuna akali hai. Kinda ana kilo kadhaa, panya hafiki gramu 50! Wala hawapigi kwa mdomo wake. Hukaa tu, na jeraha lazidi usiku hata usiku, mpaka afe.

Mtasema, Mjinga gani huyu? Nami nauliza, kuku wenu amjuaje mwewe? Si kwa sababu wazazi wake, vizazi hata vizazi, waliwindwa na mwewe? Lakini Gough hapakuwa na panya tangu asili. Waliletwa na merikebu za wawindaji wa sili katika karne ya 19. Basi mjinga ni yupi, aliyeingiliwa na mwizi, au nahodha aliyempakia mwizi asitazame shehena yake?

Mwaka 2021 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu kisiwa kizima, na mwezi wa Desemba mwaka uo huo panya akaonekana tena. Najua atakayesema, Basi, acheni, fedha zimepotea. Mkulima aachaye shamba kwa kuwa magugu yamerudi mara moja, atakula nini? South Georgia ni kisiwa kikubwa kuliko Gough mara nyingi, nacho kilitangazwa mwaka 2018 kuwa panya wamekwisha. Macquarie pia, mwaka 2014. Kazi yawezekana.

Naye asemaye kwamba kuwatilia panya sumu ni ukatili, na akeshe usiku mmoja tu kando ya kiota kile, kisha aje atuambie ukatili ni upi.