Mbemba na matope ya Kingamyambo: nani alisema thamani imeisha?

Kolwezi wanaijua Kingamyambo. Ni matope yaliyomwagwa huko baada ya mawe ya Gécamines kusagwa na kuchujwa. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa uchafu. Tangu 2018 kampuni ya Metalkol inayachota upya na kutoa ndani yake shaba na kobalti. Wanaopenda kuhukumu wachezaji kwa umri wangefaa kuyakumbuka.

Chancel Mbemba alizaliwa Kinshasa mwaka 1994. Msimu wa 2024-2025, Marseille ilimweka kando na hakucheza mechi hata moja ya klabu hiyo. Katika vijiwe vya Manika na Dilala, wengi wangeweza kusema beki huyu amekwisha. Lakini kocha Sébastien Desabre hakumnyang'anya unahodha wa Leopards, na mwaka 2025 Lille ikamchukua.

Jibu lilikuja Rabat, Novemba 2025, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Tarehe 13, Mbemba aliifunga Kameruni katika dakika za nyongeza, na mechi ikaisha 1-0. Siku tatu baadaye, baada ya sare ya 1-1 na Nigeria kwa dakika 120, yeye ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoipa Kongo ushindi.

Si mara ya kwanza mkongwe kuibeba nchi hii. Kipa Robert Kidiaba wa Mazembe alifikisha miaka 39 katikati ya CAN ya 2015, na Leopards wakarudi na nafasi ya tatu, waliyoipata kwa penalti.

Hata hivyo, heshima isigeuke kuwa upofu. Matope ya Kingamyambo nayo yana mwisho, na miguu ya mtu ni hivyo hivyo. Goli la Rabat haliwezi kumpa mtu nafasi ya maisha, kwa sababu kumwita mchezaji kwa ajili ya jina lake ni kumnyima kijana nafasi aliyoitolea jasho.

Basi apimwe kwa maswali matatu. Je, anacheza kila juma katika klabu yake? Je, yupo kijana anayemshinda leo, uwanjani na si kwa maneno? Na mechi inapokuwa ngumu, wenzake wanamtafuta nani kwa macho? Mwaka ule wa Marseille, swali la kwanza lilimhukumu Mbemba. Rabat, la tatu lilimtetea.

Kwa hiyo abaki, lakini pembeni yake asimame beki kijana anayejifunza kazi. Siku mkongwe atakapoondoka, nchi isianze kuchimba upya kutoka sifuri.