Bando lipo, 4G imejaa, kwa nini tovuti bado inazunguka?

Mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo mtandaoni na zimebaki dakika kumi dirisha lifungwe. Simu inaonyesha 4G, bando lipo la kutosha, lakini kila akibonyeza "endelea" kile kiduara kinazunguka tu.

Wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya simu. Mara nyingi lawama hizo ni halali, ila si zote. Sehemu ya subira hiyo inatokana na namna simu na seva zinavyosalimiana kabla ukurasa haujaanza kushuka. Hapo mwenye uamuzi ni mwenye tovuti, si mtandao wa simu.

Karibu kila tovuti sasa hufunguka kwa njia salama, ile inayoanza na https. Vyeti vya usalama vinapatikana bure kupitia Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015, na kuanzia Julai 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuziandikia tovuti zisizo na ulinzi huo kwamba si salama. Faida yake ni kubwa: anayechungulia waifai ya mgahawani hawezi kusoma nywila yako. Lakini ulinzi huo unakula muda.

Hodi nyingi kabla ya kuingia

Kwa utaratibu wa zamani, simu hupiga hodi kwanza na seva huitikia. Hiyo ni safari moja ya kwenda na kurudi. Kisha inakuja itifaki ya usalama, TLS. Toleo lake la 1.2, la mwaka 2008, linahitaji safari mbili zaidi ili pande zote zikubaliane namna ya kufunga ujumbe, seva ionyeshe cheti chake na funguo zipatikane. Ndipo simu inaomba ukurasa wenyewe. Safari ya nne hiyo.

Kama mtumiaji yupo Frankfurt na seva ipo Frankfurt, safari nne ni kufumba na kufumbua. Kwa mtu wa Mbeya au Kisumu anayefungua tovuti iliyohifadhiwa Ulaya, hesabu ni nyingine. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo wa baharini husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkongo wa kilomita 10,000 unahitaji milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, na hapo bado haijahesabiwa mitambo ya njiani wala mnara wa simu. Chukulia jumla ni 150. Zidisha mara nne: milisekunde 600, zaidi ya nusu sekunde, na skrini bado ni nyeupe.

Tena hiyo ni seva moja. Ukurasa wa kawaida huita picha kutoka huku, matangazo kutoka kule na mfumo wa malipo kutoka kwingine, na kila mmoja una hodi zake.

Ndiyo maana ahadi za kasi ya 5G zinahitaji kusikilizwa kwa makini. 5G haipunguzi umbali kati ya Tanga na Amsterdam. Inaharakisha kipande cha hewani, kutoka mkononi hadi mnarani.

Dawa ipo tangu 2018

TLS 1.3, iliyotoka Agosti 2018, ilipunguza safari za usalama kutoka mbili hadi moja. Simu haisubiri tena kuulizwa, inatuma sehemu yake ya ufunguo kwenye salamu ya kwanza kabisa. Katika mfano wetu, 600 inashuka hadi 450. Toleo hilo pia lilitupa nje mbinu dhaifu za zamani, kwa hiyo tovuti inapata kasi na usalama kwa mpigo mmoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Hatua iliyofuata ni kubwa zaidi. QUIC, iliyoanzia Google na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa Mei 2021, inaunganisha hodi na makubaliano ya funguo katika safari moja. Juu yake ndipo inakaa HTTP/3, iliyokamilishwa Juni 2022. Milisekunde 600 zimekuwa 300.

Faida tamu kwa watu wa mtandao wa kusuasua iko kwingine. HTTP/2 ya mwaka 2015 ilipanga vitu vyote vya ukurasa kwenye foleni moja. Pakiti moja ikipotea njiani, kila kilicho nyuma yake kinasimama, hata kama kimeshafika. Kwenye HTTP/3, picha iliyokwama haizuii maandishi wala kitufe cha kutuma. Na ukitoka kwenye waifai ya ofisini ukaingia kwenye data barabarani, muunganiko haufi, kwa sababu QUIC inautambua kwa namba yake yenyewe badala ya anwani ya mtandao uliotumia.

Facebook ilieleza Oktoba 2020 kuwa zaidi ya asilimia 75 ya data zake zilikuwa tayari zinapita kwa QUIC na HTTP/3. Wakubwa pia huweka nakala za maudhui karibu na watumiaji. Matokeo yake, video ya burudani inafunguka vizuri huku fomu muhimu ikikwama, kwenye simu ileile na dakika ileile.

Tahadhari kwenye pesa

TLS 1.3 na QUIC zina njia ya mkato pia. Simu iliyowahi kutembelea tovuti inaweza kutuma ombi lake pamoja na salamu ya kwanza, bila kusubiri chochote. Hatari ni kwamba mtu anayenasa ujumbe huo anaweza kuurudia kwa seva hata bila kuusoma. Kwa kufungua habari, hakuna shida. Kwa ombi la "tuma Sh50,000", ni shida kubwa. Mfumo wa malipo unaowasha mkato huo bila kuzuia marudio unacheza na pesa za watu.

Itifaki mpya haziponyi kila kitu. Ukurasa uliojazwa picha nzito utabaki mzito. Baadhi ya mitandao ya ofisi huzuia njia inayotumiwa na QUIC, na kivinjari hulazimika kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Simu za kabla ya Android 10 nazo zina programu nyingi zinazoishia TLS 1.2. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na huduma kuzorota Tanzania, Kenya na nchi jirani, hakuna itifaki ambayo ingeiunganisha. Lakini data zinapozungushwa njia ndefu, kila safari iliyopunguzwa ina thamani zaidi.

Kisingizio cha gharama ni kigumu kukubali. OpenSSL, programu huria inayotumiwa na seva nyingi, inaitambua TLS 1.3 tangu Septemba 2018. Nginx ilianza kuingiza HTTP/3 mwaka 2023. Kwa tovuti nyingi kazi ni kusasisha seva na kubadilisha mistari michache ya mipangilio. Seva nyingi husimikwa siku ya uzinduzi, keki ikakatwa, na hakuna anayezigusa tena hadi zizime.

Mwenye tovuti anaweza kujua aliposimama bila kumlipa mtaalamu. Afungue tovuti yake kwenye Chrome ya kompyuta, aingie kwenye zana za wasanidi, upande wa mtandao, na awashe safu ya itifaki. Ikisomeka h3, yupo kwenye zama hizi. Ikisomeka h2, yupo nusu njia. Ikisomeka http/1.1, wateja wake wa Mbeya wanamsubiri.