Siku ya Wanyama Kibenga Ianzie Ziwani

Siku ya wanyama katika darasa la kwanza inajulikana vema. Watoto wanavaa vinyago vya karatasi, mmoja ananguruma, mwingine anaunyoosha mkono uwe mkonga, na ukutani panabandikwa picha za simba, tembo, twiga na punda milia. Siku hiyo ina faida yake, kwani mtoto wa miaka sita anayenguruma mbele ya wenzake anajifunza pia kusimama na kusikika. Lakini kwa shule za Kibenga, mtaa wa kusini mwa Bujumbura uliopakana na Ziwa Tanganyika, wanyama hao wametoka mbali mno. Tembo ametoweka katika mapori ya Burundi. Punda milia naye kaisha. Simba, watoto wanamwona kwenye nembo ya taifa.

Kiboko wanamjua.

Katika mitaa ya kando ya ziwa, viboko hutoka majini giza likiingia na kupanda nchi kavu kutafuta majani. Mmoja anaweza kula kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, na kabla hapajapambazuka huwa amesharudi majini. Hilo peke yake ni somo la asubuhi nzima. Mwili mzito kiasi kile hauogelei kama watu wanavyodhani, bali kiboko hutembea chini kabisa, akisukuma sakafu ya ziwa kwa miguu. Ngozi yake hutoa ute mwekundu unaomkinga na jua kali, ute ambao watu wa kale waliufikiria kuwa ni jasho la damu. Hakuna mtoto wa darasa la kwanza atakayesinzia akiambiwa hayo.

Tena somo hili linaokoa maisha. Mtoto wa Kibenga anapaswa kujua, mapema kama anavyojua kuvuka barabara, kwamba kiboko aliye nchi kavu hazibiwi njia ya kurudi majini, na kwamba jioni si saa ya kuchezea ufukweni. Ziwa lilipofurika mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za Kibenga na familia zikahama. Maji yakipanda, malisho ya kiboko na ua wa mtu vinazidi kukaribiana. Mwalimu anayetumia siku ya wanyama kueleza jambo hili anafanya kazi ambayo picha ya twiga haiwezi kumsaidia kuifanya.

Kuhusu mamba, watoto hufika shuleni na hadithi tayari. Bujumbura nzima imekua ikimsikia Gustave, mamba wa mto Rusizi na ziwa, aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi na kujaribu kumnasa kwa mtego mkubwa wa chuma bila mafanikio. Jaribio lile liliingia kwenye filamu ya mwaka 2004 na habari za mnyama huyo zikazunguka dunia. Ubaya ni kwamba hadithi huishia kwenye hofu. Darasani ndipo pa kuiongezea sehemu iliyokosekana: mamba jike hulinda mayai yake mchangani, na makinda wanapoanza kulia ndani ya maganda huwafukua, kisha huwabeba mdomoni hadi majini. Taya lilelile la kutisha ndilo kitanda cha watoto wake.

Na samaki? Hapa ndipo utajiri ulipo, na ndipo shule zinapoupita bila kugeuza kichwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wapo wanaotunza mayai na watoto mdomoni, kama mamba anavyobeba makinda. Wapo wadogo wanaofanya makombe matupu ya konokono kuwa nyumba, wakijificha humo adui akipita. Katika karne iliyopita Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki hai wa mapambo kutoka Bujumbura kwenda ng'ambo, na mmoja wao, mwenye mapezi yaliyochongoka kama nyuzi, huitwa na wafugaji wa huko binti mfalme wa Burundi. Mtoto wa Ujerumani anaweza kumtazama samaki huyo kwenye tangi la kioo sebuleni kwao. Wa Kibenga, anayeishi kando ya ziwa la samaki huyo, amalize shule bila kumwona hata kwenye picha? Jambo hilo linauma.

Ukosefu wa vifaa si kisingizio. Fungu dogo la ndagala wakavu, yaani dagaa, kutoka sokoni linatosha darasa zima. Kila mtoto anawekewa mmoja kiganjani. Anamkagua jicho lililobaki duara jeusi, anamgeuza kwenye mwanga aone mstari wa fedha ubavuni, anampima kwa kidole chake. Wanahesabu kumi, wanaondoa watatu. Wanachora. Kisha mwalimu anauliza zile taa zinazoonekana ziwani usiku ni za nini, na mtoto wa mvuvi, ambaye pengine siku nyingine hukaa kimya, ananyanyua mkono: "Mwalimu, ndagala wanafuata mwanga!" Hapo mlolongo wa nani anamla nani unajieleza: vijidudu vya majini vinaliwa na ndagala, ndagala analiwa na mukeke, yule ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, na mukeke analiwa nyumbani kwa ugali.

Wapo watakaosema mtoto afunguliwe dunia, asifungiwe ufukweni. Ni kweli, na simba abaki ukutani. Hoja ni mpangilio tu. Mtoto aliyemchunguza ndagala kwa jicho lake atakuwa na maswali ya kumuuliza tembo: anakula nini, analala wapi, analeaje. Asiyechunguza chochote atabaki kunguruma.

Shule inayoweza kukodi basi ina Musée Vivant mjini, yenye mamba na nyoka wa kutazamwa kwa karibu. Isiyoweza imwalike mvuvi aje na kipande cha wavu, aeleze matundu yake na kwa nini samaki wachanga waachwe wapite. Ataeleza pia kwa nini mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, katika mpango uliokubaliwa na nchi zinazolizunguka, Burundi ikiwemo. Watoto wa Kibenga huona mukeke akipanda bei au akikosekana kabisa mezani, na wana haki ya kuelezwa sababu wakiwa bado darasa la kwanza.